Mikono Isiyoungua

Ukifika Bumula ukaulizia Peris, watakuuliza yupi, maana tuko na wengi. Ukisema Peris wa sufuria, hata mtu wa bodaboda aliyehamia juzi atakupeleka. Kwa miaka mingi hakuna matanga wala harusi iliyopikwa upande wetu bila yeye. Sufuria ile ya kulisha kijiji kizima, ambayo sisi wengine huishika kwa magunia yaliyoloweshwa na bado tunarukaruka, Peris aliitoa mafigani kwa mikono mitupu. Mwenzake alishika upande wa pili kwa gunia, yeye alishika chuma chenyewe, wakaiweka chini polepole, kisha akajipangusa kwenye leso kama mtu aliyetoka kunawa. Wanaume waliokuwa wakingoja chakula walipiga makofi. Wazee walisema wanawake wa zamani walikuwa hivyo, huku wakitutazama sisi na magunia yetu.

Mimi ni jirani yake, tunatenganishwa na ua tu, na tunaimba pamoja katika kwaya ya akina mama. Sifa zile zinaniudhi mpaka leo. Kwetu mwanamke akiungua asilie, anasifiwa. Hakuna anayemuuliza kwa nini halii.

Miguu ndiyo iliyoanza. Msimu mmoja wa mvua Peris alitoka sokoni akaingia jikoni kwangu akiwa na kandambili moja. Nilimwuliza nyingine iko wapi, akajitazama miguuni akacheka. Ilikuwa imebaki kwenye tope huko chini karibu na kijito, na yeye alikuwa amepanda mlima wote bila kujua. Kidole gumba kilikuwa kinavuja damu, hilo pia hakulijua. Kwenye zahanati walikuwa wamekwisha kumwambia ana sukari. Alikunywa vidonge vilipokuwepo, vilipokwisha akaona kwamba hajafa, akaendelea na shughuli zake.

Halafu ganzi ikaja mikononi. Kifungo cha blauzi kikawa hakifungiki bila kioo. Akitafuta ufunguo mkobani, ilibidi amwage vitu vyote mezani autafute kwa macho, kwa sababu vidole havikuweza kutofautisha ufunguo na kitana. Hakumwambia mtu. Aliogopa, na aliniambia baadaye alichokuwa akiogopa: mtu asiye na mikono huwekewa kiti juani, analetewa chakula, na hakuna anayemkabidhi kitu tena.

Katikati ya hayo mjukuu akazaliwa Kitale. Festus, mwanawe wa pekee, anauza mbegu na dawa za mifugo kule mjini, na mkewe ni Nyambu, binti wa Kiarie, mfanyabiashara wa mahindi wa mji wa Kwanza. Kwa watu wa Nyambu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, awe hai au awe ameshaenda. Basi mtoto akaitwa Peris. Huku kwetu jina hutoka kwa mtu aliyekwisha kuzikwa, kwa hiyo tulimtania sana. Tulimwambia sasa inabidi afe haraka ili jina lipate nafasi. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda kujifungia nyumbani kwake akalia kwa furaha.

Nyambu hakuwa na mama, alifariki kabla hata ya harusi. Kwa hiyo kazi ya kumwogesha mtoto, kumpaka mafuta na kumnyoosha viungo ilikuwa ya Peris, hapakuwa na mwingine. Alifunga ndizi, kuku wawili na unga wa wimbi, akamchukua na Jentrix wa Matulo asaidie kupika na kufua. Jentrix ni mjane, mwanamke mpole mwenye watoto wawili aliowaacha kwa mama yake. Kazi ile aliipata kwa neno la Peris, na aliifurahia sana.

Mara ya kwanza Peris alipokabidhiwa Peris mdogo pale Section Six, mtaa wa Kitale wanakoishi, hakuhisi kitu. Sisemi hakuhisi upendo, upendo ulimjaa mpaka kooni. Nasema ngozi. Uzito wa mtoto aliupata viwikoni na mabegani, lakini viganja na vidole vilikuwa kama vimevishwa soksi nene. Alimwona mtoto mikononi mwake na mikono ikamwambia hakuna mtu hapo. Nyambu alikuwa kitandani akimtazama kwa tabasamu. Peris naye akatabasamu, akaimba wimbo wa kubembeleza, na ndani alikuwa amekufa kwa hofu.

Angeweza kusema pale pale. Nimemwuliza mara nyingi kwa nini hakusema, na jibu lake ni lile lile, kwamba wangemnyang'anya mtoto mwenye jina lake kabla hajamshika vizuri.

Basi akawa anaogesha kwa macho. Maji aliyapima kwa kiwiko, maana ganzi ilikuwa imeishia juu kidogo ya kifundo cha mkono. Alimlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto, akambana, na hakuondoa macho kwenye vidole vyake hata mara moja. Mtoto aliyepakwa sabuni huteleza, kila mzazi anajua. Mtu mwenye mikono mizima husikia utelezi ule unaanza, akakaza kidogo, akalegeza. Peris hakusikia unaanza wala unaisha, kwa hiyo alikaza kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisali macho wazi. Akimaliza, blauzi ilikuwa imelowa jasho mgongoni, na baridi ya Kitale asubuhi mnaijua.

Siku moja Nyambu akimbadilisha mtoto nepi aliona alama za bluu kwenye paja, zimepangana. Alidhani ni alama za kuzaliwa. Kesho yake akaona nyingine kwenye mkono juu ya kiwiko, na hizo zilikuwa vidole vya mtu, hazikuhitaji mtaalamu. Alimwita Festus chumbani, wakazungumza kwa sauti ya chini, na walipotoka Festus alimkwepa Jentrix machoni.

Nani mwingine wangemfikiria? Bibi anayeimba? Jentrix ndiye aliyebaki na mtoto Nyambu akilala mchana. Jentrix ndiye asiye wa damu. Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hata Peris mwenyewe alimshuku. Alianza kumfuatafuata jikoni, akimtazama anavyokamua nguo, akiwaza kwamba vidole vile vina nguvu sana.

Wiki hiyo hiyo Festus aliona kidonda kwenye kidole cha mguu cha mama yake, akampeleka kliniki ya sukari. Alimwacha kwenye foleni akaenda dukani. Aliyemhudumia ni kijana mmoja, Cheruiyot, ambaye wagonjwa wote humwita daktari. Alimwambia Peris afunge macho, anyooshe mikono, na kila akiguswa aseme ndiyo. Alikuwa na uzi mgumu wa nailoni, kama ule wa kuvulia samaki. Peris akafunga macho akangoja. Alingoja mpaka akachoka, akamwuliza ataanza saa ngapi.

Cheruiyot alimwambia afungue macho. Alikuwa amekwisha kupita vidole vyote.

Akachukua chuma chenye pembe mbili, akakigonga kikalia, akakiweka kwenye fundo la kidole. Peris alikisikia kwa masikio tu. Mwisho akamgusa shavuni kwa ule ule uzi wa kwanza, na Peris akasema ndiyo kabla hajaombwa, kwa furaha ya kitoto. Cheruiyot akavuta kiti akakaa, na daktari akivuta kiti ujue kuna maneno.

Alimweleza kwamba ndani ya ngozi kuna vipokezi, vidogo mno kuonekana kwa macho, na si vya aina moja. Viko vilivyo karibu na juu, ambavyo hushtuka kitu kikikugusa kidogo au kikianza kuteleza, halafu hunyamaza. Vingine havinyamazi, muda wote unapobonyezwa vinaendelea kupeleka habari, na ndivyo vinavyokufanya ujue umeshika punje ya hindi au haragwe bila kutazama. Vingine vimezama chini zaidi, vimejizungushia tabaka kama kitunguu, na kazi yao ni mtetemo, kama ule unaoupata ukiegemea ukuta na mashine ya kusagia unga inanguruma upande wa pili. Na viko vinavyojua ngozi ikivutwa. Habari zote hizo hupita kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Sukari ikikaa juu miaka mingi huiharibu mishipa hiyo, na huanza na iliyo mirefu, ndiyo maana miguu hutangulia, mikono ikafuata, na uso ukabaki salama. Peris alimwuliza kama hisia zitarudi. Hakumdanganya. Alisema vidonge na chakula vitazuia ganzi isipande, lakini kilichokwisha kupotea mara nyingi hakirudi.

Kisha akamjazia maji kwenye kikombe cha plastiki, vile vyepesi vya kutumia na kutupa, akamwambia akishike huku akitazama dirishani.

Peris akatazama dirishani. Alisikia mlio mdogo, halafu ubaridi wa maji juu ya mapaja. Alipogeuka kikombe kilikuwa kimekunjamana mkononi mwake, na vidole bado vinabana.

"Lakini nimekishika polepole," alisema.

"Unaona ni polepole, mama," Cheruiyot akamwambia. "Mkono haupati habari kwamba imeshika. Sasa inakaza tu, inakaza tu, ndio isiangushe. Na wewe hujui."

Mtu mwingine angelia kwa ajili ya mikono yake. Peris alikuwa akikitazama kikombe. Ile mikunjo ya plastiki ilikuwa imepangana kwa namna aliyoijua. Alikuwa ameiona asubuhi, juu ya kiwiko cha mtoto.

Njia yote ya kurudi nyumbani alijiambia atasema. Alipanga hata maneno ya kuanzia. Alipofungua mlango, Jentrix alikuwa amesimama sebuleni, mfuko wake umefungwa, macho mekundu, na Nyambu ameketi akimkumbatia mtoto kama kuna mtu wa kumpora. Festus alikuwa anasema hawataki mambo ya polisi, aende tu nyumbani. Jentrix alipomwona Peris, uso ulimfunguka. Alidhani msaada umefika.

"Mama Festus," alisema, "wewe unanijua mimi. Waambie. Mimi naweza finya mtoto ya mtu?"

Peris alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa hapo. Akamtazama mtoto, akaona mlango wa chumba kile ukifungwa mbele yake milele, na akasema, "Mungu ndiye anajua."

Mimi ni mtu wa kanisa na nasema hivi: hakuna jibu baya kuliko hilo kwa mtu anayeomba shahidi. Jentrix hakubishana tena. Alichukua mfuko wake akatoka, na alifunga mlango taratibu, jambo ambalo Peris anasema lingekuwa rahisi zaidi kama angeubamiza.

Usiku ule alilala na nguo zake. Asubuhi maji yakachemshwa, yakapozwa, beseni likawekwa. Nyambu alikuwa chumbani anakunja nguo, amepumzika kwa mara ya kwanza tangu alama zianze kuonekana, hata alikuwa anaimba kidogo. Peris akampokea mtoto. Alijiambia atamshika kidogo tu safari hii. Lakini kidogo ni kiasi gani, wakati mikono haina habari? Akilegeza, mtoto aliteleza kuelekea majini, na moyo wake ukateleza pamoja naye. Akikaza, mtoto alilia. Alilegeza, akakaza, akalegeza. Alimwinua kabla hata hajamsuuza, akamlaza kitandani juu ya taulo, na pale kwenye bega dogo akaona alama mpya zinaanza kupanda rangi.

Jentrix alikuwa Matulo. Hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa nyumba ile.

Aliketi sakafuni. Alinieleza kwamba aliwaza kuifunika alama ile kwa fulana, na kwamba mikono ilikuwa tayari imeanza kuitafuta fulana. Aliwaza pia kupanda gari arudi Bumula bila kuaga. Mtoto alikuwa akilia kwa baridi na yeye hakuthubutu kumgusa. Ndipo alipomwita Nyambu, na sauti ilimtoka mbaya mpaka Nyambu alikuja mbio.

Nyambu alimfunika mtoto kwanza, kisha akauliza kuna nini.

"Leta mkono yako," Peris akamwambia. "Nikushike vile nashikanga Peris."

Nyambu hakuelewa, lakini alinyoosha mkono. Peris aliushika juu ya kiwiko, akageuza uso akatazama ukutani, akatulia kama anavyotulia akiogesha. Kisha Nyambu akavuta pumzi kwa uchungu, akajaribu kuutoa mkono usitoke.

"Mama, unaniumiza."

"Sijui," Peris akasema, bado akitazama ukuta. "Mimi nasikia kama sijashika kitu."

Ilibidi Nyambu avibandue vidole kimoja kimoja. Chini yake alama zilikuwa nyeupe, halafu zikawa nyekundu, zimepangana. Alizitazama sana. Alimfunua mtoto bega, akatazama na hapo. Peris alimweleza yote, kuanzia kandambili ya topeni hadi kikombe cha plastiki. Nyambu alisikiliza bila kumkatiza, na swali lake lilikuwa moja tu.

"Jana Jentrix akikuuliza, ulikuwa ushajua?"

"Nilikuwa najua."

Nyambu alimchukua mtoto akaingia chumbani akafunga mlango. Peris alibaki na beseni la maji ya sabuni. Aliyamwaga, akapangusa sakafu, na aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu sana, kana kwamba kuna mtu angeipima. Jioni Festus alirudi, akaambiwa, akakaa karibu na mama yake. Alimshika mikono. Aliishika kwa muda mrefu, maskini, na ilibidi Peris atazame chini ndipo ajue.

Hakufukuzwa. Ni yeye mwenyewe aliyesema ataondoka asubuhi, na kwamba hataenda Bumula kabla ya kupita Matulo. Alisema atayasema maneno hayo mbele ya mama ya Jentrix na watoto wake, kwa mdomo wake.

Na aliyasema. Nilikutana na Jentrix baadaye, akanithibitishia. Walimpa kiti na chai kama mgeni yeyote. Nyambu naye alikuwa amepiga simu kuomba radhi na kumwita arudi kazini. Jentrix alikataa, na hakuonyesha hasira. Alisema tu, "Nilimuuliza mbele ya watu." Mpaka leo anapalilia miwa ya watu wengine, na akikutana na Peris sokoni wanasalimiana kama watu wasiojuana sana. Peris hulipokea hilo bila kunung'unika. Siku hizi kwenye matanga yeye hukaa upande wa kuchambua mchele, anakunywa vidonge vyake, na nimewasikia watu wakisema amekuwa mvivu na anajivuna tangu mwanawe apate duka. Niliwajibu, na sikuwajibu kwa adabu.

Lakini Peris akinisimulia haya, si kwenye habari za Matulo anapoanza kulia. Analia akifika pale langoni, asubuhi ile ya kuondoka.

Festus alikuwa ametangulia kutafuta pikipiki. Peris alisimama nje ya lango na mfuko wake, akaificha mikono yake kwapani, chini ya sweta, kama mtu anayeona baridi. Alikuwa ameapa hataomba. Nyambu alitoka na mtoto, akasimama mbali kidogo. Alama kwenye mkono wake zilikuwa zimegeuka bluu na hakuzifunika. Magari ya mahindi yalikuwa yanapita barabarani.

Kisha Nyambu akasogea. Hakumpa mtoto. Alimwinua mwenyewe kwa mikono yake miwili, hadi usoni kwa Peris, akalaza shavu la mtoto juu ya shavu la bibi yake.

Peris hakutoa mikono kwapani. Alifumba macho. Alihisi joto kwanza, kisha pumzi fupi sikioni. Halafu ngozi yenyewe, na nywele chache za karibu na sikio, na mdomo mdogo uliokuwa unatafuta ziwa kwenye shavu lake. Alikuwa amemwogesha mtoto huyu kila siku tangu alipofika, akampaka mafuta, akamnyoosha, na alikuwa hamjui.

"Yeye hukuanga laini hivi?" aliuliza.

"Siku zote, Mama," Nyambu akasema.